Mwendokasi Huanzia Kituoni: Kutoka Nangurukuru Mpaka Mbagala

Wanachuo wenzangu, wengi wenu mnaijua Nangurukuru kwa kupita tu. Basi la Lindi au Mtwara linapunguza mwendo, wachuuzi wanakimbilia madirishani na beseni zao, konda anagonga bodi mara mbili, safari inaendelea. Sisi wa Kilwa tunaijua kwa kusubiri. Ni njia panda: ukitoka Dar, mbele ni Lindi, kushoto ni Kivinje na Masoko. Ukitaka kwenda Dar na hukukata tiketi ya basi linaloanzia Masoko, unaamka alfajiri, unapanda boda mpaka njia panda, unasimama.

Unasimama wapi? Hilo ndilo swali lililonifanya niandike makala hii.

Likizo iliyopita nilisafiri na mama yangu mkubwa kutoka Kivinje. Ana miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua, na kila baada ya miezi mitatu anatakiwa kliniki Dar es Salaam. Tulifika njia panda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwenye boda alitushusha karibu na kibanda cha chai, akasema mabasi yanasimama hapo. Muuza chai akasema hapana, siku hizi yanasimama mbele, kwenye lile gogo. Tukahamia kwenye gogo. Basi lilipokuja likapita gogo, likaenda kusimama mbele kabisa, na konda akaanza kutupungia mkono kama vile sisi ndio tuliochelewa. Mimi nilikimbia na begi na kiroba cha korosho. Mama mkubwa hakukimbia. Alitembea kwa mwendo wake, na abiria waliokuwa ndani wakaanza kunung'unika.

Basi bwana, tukafika Mbagala mchana. Barabara yote ilikuwa shwari: Somanga, Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, Kongowe. Tukashushwa Rangi Tatu, pembeni, kwenye vumbi, upande usio na kituo chochote. Mbele yetu tunaiona njia ya mwendokasi katikati ya barabara, zege safi, na kituo kimenyanyuka kama meli. Kati yetu na kile kituo kulikuwa na magari, bajaji, boda zinazopita upande wowote zinaotaka, na mikokoteni. Mama mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiye unayesomea mambo ya barabara? Pale tunafikaje?"

Nasoma mipango miji, mwaka wa tatu. Nilikuwa najua kuchora kituo kile, na sikuwa na jibu la kumpa. Tulikodi bajaji.

Tuanze na mwendokasi wenyewe, maana tunaupanda kila siku pale Ubungo bila kujiuliza ni kitu gani. Jina lake rasmi ni Mabasi Yaendayo Haraka, na wakala wake uliundwa mwaka 2007. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9, inatoka Kimara mpaka Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuanza kubeba abiria Mei 2016. Mpango mzima una awamu sita, na awamu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi watu wa kusini, kwa sababu inafuata Barabara ya Kilwa. Hii ni kilomita 20.3 kutoka katikati ya jiji mpaka Mbagala, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na serikali, na ujenzi wake ulianza 2019.

Wazo lenyewe si la Dar. Mji wa Curitiba, kule Brazili, ulianza kutenga njia za mabasi mwaka 1974 kwa sababu haukuwa na pesa ya kujenga treni ya chini ya ardhi. Wakajiuliza: treni inakimbia kwa nini? Inakimbia kwa kuwa ina njia yake, haiingii foleni. Abiria wake wamelipa kabla haijafika, sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya behewa, na milango ni mingi. Haya yote unaweza kuyafanya kwa basi. Bogotá, Kolombia, wakafungua wa kwao Desemba 2000, na tangu hapo miji mingi duniani imeiga, pamoja na wetu.

Ukisoma orodha hiyo taratibu utaona jambo. Ukiacha njia ya peke yake, mengine yote yako kituoni. Basi ni injini na viti tu. Kinachofanya likimbie ni kile kinachotokea wakati limesimama.

Ngoja tupige hesabu ya kawaida tu, haihitaji kikokotoo. Tuseme kwenye kituo kimoja wanapanda watu ishirini. Daladala ina mlango mmoja, ngazi mbili, na konda anayetaka kuhakikisha kwanza kama unafika mwisho au unashuka njiani. Kila mtu akitumia sekunde tatu, dakika nzima imekwisha. Sasa chukua basi la milango mitatu, sakafu iko sawa na kituo, nauli imelipwa getini. Kila mtu anatumia sekunde moja, na watu watatu wanaingia kwa pamoja. Watu wale wale ishirini wameingia ndani ya sekunde saba. Umeokoa sekunde 53. Zidisha kwa vituo kumi na tano na umepata dakika kumi na tatu, na dereva hajaongeza spidi hata kidogo. Ndiyo maana mimi huwa nacheka nikisikia mtu anasema mwendokasi ni basi linalokimbia sana. Halikimbii sana. Halipotezi muda wa kusimama, au tuseme halitakiwi kuupoteza.

Hesabu ya pili ni ya kusubiri, na hii watu wa Kimara mtaielewa haraka. Mabasi yakija kila baada ya dakika sita kwa mpangilio, mtu anayefika kituoni bila kuangalia saa atasubiri kwa wastani dakika tatu. Yakija mawili mawili kila baada ya dakika kumi na mbili, idadi ya mabasi kwa saa ni ile ile, kumi, lakini wastani wako wa kusubiri umekuwa dakika sita. Ubaya zaidi, la kwanza litajaa mpaka milangoni na la pili litapita nusu tupu nyuma yake. Mtoa huduma atakwambia kwa kweli kabisa kwamba ametoa mabasi yote kumi. Na wewe utasema kwa kweli kabisa kwamba hakuna usafiri. Tatizo linakuwa kwamba hakuna anayeyapanga mabasi yaliyo barabarani, anayemwambia dereva wa nyuma asubiri kidogo na wa mbele aruke vituo viwili. Kazi hiyo inataka chumba chenye watu, ramani na redio, na ni rahisi kuliko kununua mabasi mapya. Lakini haikatiwi utepe.

Hesabu ya tatu niliipenda zaidi darasani. Basi refu la mita 18 likibeba watu 150 na likipita moja kila dakika mbili, kwa saa moja umebeba watu 4,500 upande mmoja. Ukitaka kuwabeba watu hao kwa daladala za watu thelathini, unahitaji daladala 150 kwa saa, yaani moja kila sekunde 24, na zote zigombanie kituo kimoja. Aliyewahi kupanda gari la Mbagala jioni, miaka ile ya kuingilia dirishani, hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Alikuwa anaiishi.

Sasa turudi pale Rangi Tatu. Kwa nini kituo kiko katikati ya barabara? Kwa sababu pembeni kuna kila kitu: maduka, magari yanayoegeshwa, milango ya viwanda, barabara za mitaa zinazoingia na kutoka, boda zinazongoja abiria. Njia ya basi ukiiweka pembeni, baada ya wiki moja imekuwa maegesho. Katikati ni patulivu. Na kwa kuwa tunaendesha kushoto, kituo kilicho katikati kinakuwa upande wa kulia wa basi, ndiyo maana mabasi marefu ya mwendokasi yana milango kulia. Kituo kimoja kinahudumia wanaokwenda mjini na wanaorudi. Ni ubunifu mzuri, siupingi.

Ila una bei yake, na bei hiyo analipa mtu wa miguu. Kila abiria, kila siku, mara mbili kwa siku, lazima avuke nusu ya barabara kuu. Kwa hiyo kivuko cha kuingia kituoni ni sehemu ya kituo, sawa na paa na geti. Kikiwa kibovu, kituo ni kibovu hata kama sakafu yake inang'aa. Wahandisi wengine hupenda kujenga daraja la juu la waenda kwa miguu na kuhesabu kazi imekwisha. Lakini muulize mama mwenye magoti mabovu, au kijana mwenye gunia, au mtu mwenye haraka: ngazi za kupanda na kushuka kwa ajili ya kuvuka mita kumi? Watapita chini, wataruka kizuizi, na wakigongwa gazeti litaandika kwamba hawakutumia daraja. Kivuko cha chini chenye tuta linalowalazimisha madereva kupunguza mwendo, taa ya kuwasimamisha, na sehemu salama ya kusimama katikati, kinatumiwa na watu wote. Gari litachelewa sekunde ishirini. Sioni ubaya wake.

Kuna kosa dogo ambalo sasa kila nikipanda gari naliona, na nalitaja kwa sababu kulirekebisha ni karibu bure. Kituo cha pembeni kikiwekwa kabla ya kivuko, basi linaposimama linamficha mtu anayevuka mbele yake. Gari linalolipita basi halimwoni mpaka ameshatokeza. Kikiwekwa baada ya kivuko, abiria akishuka anavuka nyuma ya basi, na dereva anayekuja anamwona tangu mbali. Ni kituo kile kile, paa lile lile, kimesogezwa mita thelathini. Barabara zetu za pembezoni zimejaa vituo vya aina ya kwanza, kwa sababu kituo kiliwekwa mahali palipokuwa na nafasi.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma hasa. Barabara ya Kilwa ilichimbwa, ikamwagwa zege, vituo vikasimama, halafu vikakaa. Watu wa Mbagala walipita miaka wakiviangalia vikiwa tupu huku wao wamebanana pembeni kwenye daladala. Mabasi yaliyoagizwa kwa ajili ya njia hiyo yalifika mwaka 2025. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halikuwemo kwenye notisi zangu: mradi wa namna hii una mikataba miwili, mmoja wa kujenga na mmoja wa kuendesha. Wa kujenga una mkandarasi, ratiba na picha za kila mwezi. Wa kuendesha una maswali magumu: nani ananunua mabasi, nauli nani anakusanya, hasara nani anabeba, daladala waliokuwepo wanakwenda wapi. Ukianza wa pili baada ya wa kwanza kuisha, unapata vituo visivyo na mabasi.

Na mabasi hayo yanatumia gesi asilia. Hapa naomba mniruhusu niringe kidogo. Gesi inayotumika Dar inatoka Mnazi Bay kule Mtwara, na inatoka Songosongo, kisiwa cha kwetu Kilwa, ambako iligunduliwa 1974 na kuanza kuzalishwa 2004. Inapita chini ya bahari, inaibukia Somanga, inafuata bomba mpaka Dar es Salaam. Mama mkubwa nilipomweleza hayo tukiwa ndani ya bajaji, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo gesi yetu inafika mjini bila kubadilisha gari?"

Ndiyo, mama. Gesi imeunganishiwa bomba moja kwa moja. Binadamu anashushwa Rangi Tatu.

Huo muungano, ile sehemu ambapo basi la mkoa linakutana na basi la jiji, ndio ulioachwa bila mwenyewe. Mpango ulichorwa kuanzia mjini kuelekea nje, na ulipofika Mbagala kalamu ikainuliwa. Lakini barabara haikuishia pale. Mbagala imejaa watu waliotoka Lindi, Mtwara, Kilwa na Rufiji, waliohamia hapo kwa sababu ndipo gari lilipowashusha. Na mji haukukoma pia. Kongowe imeshajaa, Vikindu inajaa, Mkuranga watu wanajenga na wanakuja kazini mjini kila asubuhi. Kwa mchoraji, Mbagala ni mwisho wa njia. Kwa mtu anayetoka kusini, ni mlango wa kuingilia, na mlango haupangwi kama mwisho wa ukuta.

Kitaalamu kuna namna mbili za kuendesha. Ya kwanza ni kuufunga mfumo: mabasi marefu hayatoki nje ya njia yake, na abiria wa nje wanaletwa na mabasi madogo mpaka kituo cha mwisho, wanashuka, wanapanda tena. Ndivyo Dar ilivyopangwa. Ya pili ni kuufungua: basi linaanzia mtaani kwenye barabara ya kawaida, likifika penye njia maalumu linaingia, linakimbia, likifika mjini linatoka. Abiria habadilishi gari. Mji wa Guangzhou, China, ulifungua mfumo wa namna hii Februari 2010, na mabasi ya njia nyingi tofauti huingia na kutoka kwenye njia moja. Siri yake ni vituo vikubwa vyenye nafasi ya kupitana, na kwa nchi yetu ingebidi basi liwe na milango pande zote mbili: kulia kwa ajili ya vituo vya katikati, kushoto kwa ajili ya vituo vya pembeni. Basi la mita 12 la aina hiyo lingeweza kutoka Mkuranga, kupakia Vikindu na Kongowe upande wa kushoto, kuingia njia ya zege Mbagala, na kwenda moja kwa moja mpaka Kariakoo.

Kuna atakayesema kuufungua mfumo ni kuukaribisha mchafuko, kwamba basi lililokwama kwenye foleni ya Kongowe litaingia kwenye njia likiwa limechelewa na kuvuruga mpangilio wote. Hoja hiyo ina nguvu, sikatai, hasa ukikumbuka hesabu ya mabasi mawili mawili. Jibu langu ni kwamba kuna njia ya kati. Mabasi ya mikoani hayahitaji kuingia kwenye njia ya mwendokasi. Yanahitaji tu kushusha watu mahali ambapo jukwaa lao na jukwaa la mwendokasi viko ndani ya uzio mmoja, chini ya paa moja, bila kuvuka barabara. Anayeshuka na mzigo kutoka Lindi atembee hatua hamsini kwenye sakafu tambarare, akate nauli, apande. Stendi na kituo vikipangwa na watu waliokaa meza moja, hili ni jambo dogo. Hawakai meza moja. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, leseni na nauli ziko LATRA, stendi ni ya halmashauri, na vituo vya mwendokasi ni vya wakala. Kila mmoja akifanya kazi yake vizuri kabisa, bado pale katikati patabaki mita mia mbili za vumbi ambazo haziko kwenye kazi ya mtu yeyote.

Na kwetu Pwani ya Kilwa na Lindi je? Nangurukuru haihitaji mwendokasi, tusichekeshane. Mabasi ni machache na watu si wengi kiasi hicho. Lakini kanuni za kituo ni zile zile, na huku bei yake ni ndogo. Pahali pamoja panapojulikana, pamechorwa chini, ili dereva asimame hapo na abiria asimame hapo. Sehemu ya basi kuingia pembeni, isimame nje ya lami. Kivuko nyuma ya kituo. Taa moja ya sola, maana mabasi ya usiku yanashusha watu gizani. Benchi, paa, na ubao wenye majina ya mabasi na saa zao hata kama saa hizo ni za kukadiria. Mtu akijua basi linapita kati ya saa moja na saa mbili, hataamka saa tisa.

Wachuuzi wasifukuzwe. Hapa natofautiana na baadhi ya walimu wangu, ambao kwenye michoro yao kituo huwa kitupu na kisafi kama ukumbi wa mtihani. Somanga usiku, ukishuka, kinachokupa amani ni yule mama mwenye taa na samaki wa kukaanga. Yeye ndiye anayejua kama basi limepita, nani anaaminika kwa boda, na mgeni afikie wapi. Mtengee nafasi nyuma ya benchi, mwekee sakafu, mtoze ushuru wa haki. Ukimfukuza, umeondoa taa na ofisi ya habari kwa siku moja.

Halafu kuna maji. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Wakubwa wetu hawakushangaa sana. Wanakumbuka miaka kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, ulipokuwa unavuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakianza kusini kunakuwa kisiwa. Hata baada ya daraja, kile kipande cha kilomita 60 cha Ndundu mpaka Somanga kilikaa muda mrefu bila lami, na wengi mnakumbuka hadithi za kulala njiani. Dar nako mwendokasi uliwekewa karakana Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zikija huduma husimama kwa sababu maji yamerudi kwenye njia yake. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali pa kituo, hata kile cha benchi moja, mtu aende aulize wenyeji maji hupita wapi mwezi wa nne. Ni swali la bure kabisa, na ukienda kiangazi hutaliona jibu lake kwa macho.

Wenzangu mnaosoma uhandisi, sheria, uchumi, hata fasihi, hili ni letu sote. Mnaokwenda fildi mwaka huu kwenye halmashauri za kusini, ombeni siku mbili tu mkae kwenye kituo kimoja na daftari. Andikeni watu wanasimama wapi, wanavuka wapi, wanangoja muda gani, nani anashindwa kupanda. Halmashauri nyingi hazina daftari hilo, na mtu mwenye daftari husikilizwa kwenye kikao kuliko mtu mwenye malalamiko. Mimi nimeanza la Nangurukuru.

Nilipomrudisha mama mkubwa Kivinje, nilimwonyesha mchoro wangu. Nilikuwa nimeufanyia kazi usiku tatu pale vimbwetani, kwa kipimo, na rangi. Kituo cha kwenda Dar, upande wa magharibi wa barabara, paa zuri, ukuta nyuma, wazi mbele ili abiria waone basi linapokuja. Nilieleza kila kitu. Akavaa miwani, akautazama kimya, halafu akaniuliza mabasi ya Dar yanapita saa ngapi.

"Asubuhi, mama. Saa moja, saa mbili."

"Na jua la asubuhi linatoka wapi?"

Nikautazama mchoro. Watu wote niliowachora pale kwenye benchi wameelekea mashariki, na paa langu zuri linawakinga na jua la saa sita, wakati ambao hakuna basi. Aliponirudishia karatasi alikuwa ameweka kidole upande wa pili wa barabara, akasema pale pana mkorosho mkubwa, wasiukate, na kituo kisogee mpaka mahali ambapo kivuli chake kinafika asubuhi.

Nimeufuta, naanza upya.